Kukomboa Kichupa cha Chumvi

Kaka yangu alikuwa na kichupa cha chumvi alichotembea nacho. Kilikuwa cha plastiki, cheupe, na kabla ya hapo kilibeba vidonge vya minyoo vya ng'ombe wa mama yetu kijijini. Alikiosha kwa maji ya moto na majivu, akatoboa kifuniko matundu saba kwa msumari uliopashwa moto. Tulipokuwa wachimbaji kule Mwakitolyo kilikaa kwenye mfuko wa suruali yake, kikashuka naye kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kupanda naye. Baadaye migongo yetu ilichoka. Tukahamia Kalangalala, mjini Geita, tukafungua banda la kunoa patasi za kuvunjia mwamba. Huko kichupa kilikaa kwenye gogo lililobeba fuawe, kile chuma cha kugongea patasi, upande wa kulia. Hakupenda chumvi ya mtu mwingine.

Naanza na kichupa kwa sababu watu wakiniuliza nilivyoshusha presha wanategemea niwatajie mti fulani na mizizi yake. Hakuna mti. Kuna kichupa, na kuna mama mmoja wa Kigogo.

Kaka alikufa mchana, tukiwa kazini. Yeye alikuwa anazungusha feni ya kuchochea moto, ile tuliyoitengeneza kwa rimu ya baiskeli, na mimi nimeshika nyundo. Alisema kichwa kinamuuma upande mmoja. Nikamwambia ameze kidonge cha maumivu, akameza, kama tulivyozoea wote wawili kumeza kila asubuhi kabla ya kazi. Nikaendelea kugonga. Niliona moto unafifia, nikageuka kumlaumu, nikamkuta ameegemea rimu, mkono mmoja umening'inia.

Hospitali walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Waliniuliza alikuwa anatumia dawa gani. Nilisema hajawahi kupimwa. Muuguzi akanitazama, akaniambia nikunje mkono wa shati. Alipima, akahamia mkono wa pili, akapima tena. Kisha akaniambia nikae chini, wakati nilikuwa nimeshakaa.

Nilitoka pale na vidonge vya mwezi na karatasi yenye mambo kumi na mawili ya kufanya. Karatasi niliiweka chini ya godoro. Nilisoma mpaka darasa la saba na kusoma si tatizo. Tatizo ni kwamba mtu akinipa mambo kumi na mawili kwa pamoja, naona amenipa moja tu, nalo ni kushindwa.

Tulimzika kijijini kwetu, Shinyanga Vijijini. Wachimbaji na majirani wa Kalangalala walikodi gari wakaja, na mama wa Kigogo alikuwa kati yao. Alikuwa anapika na kuuza chakula hatua chache kutoka banda letu, na sisi wawili tulikula kwake kila mchana kwa miaka. Sisi ni Wasukuma, na Wasukuma na Wagogo ni watani. Mtani akija msibani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anaweza kumtukana marehemu, kuvaa nguo zake, kuiga mwendo wake, na kunyakua kitu chake akakataa kukitoa mpaka kikombolewe. Anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu.

Baada ya mazishi chakula kilipoletwa, yule mama alitokea nyuma ya nyumba amevaa kofia ya kaka na ile aproni yake ya ngozi yenye matundu ya cheche. Alitembea kama yeye, bega moja chini. Akaketi katikati ya wanaume.

"Leteni chakula! Nimekufa na njaa!"

Watu wakaangua kicheko. Akasogezewa sahani. Hakuonja. Alitoa kichupa mfukoni mwa aproni, akakigeuza juu ya mboga, akatikisa, akatikisa, akatikisa, amefumba macho kama mtu anayesali. Halafu akajimwagia kidogo kiganjani na kulamba.

"Nani kapika mboga hii? Hii haijapikwa, imeogeshwa tu!"

Mama yangu, ambaye tangu jana yake hakuwa amesema neno, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Alikuwa ni kaka kabisa. Hata ule mkunjo wa mdomo ulikuwa wake.

"Wasukuma nyie," mtani akasema, akavua kofia. "Shimo limewashindwa, mwamba umewashindwa, chatu wanawaogopa. Mnakuja kuuawa na kijiko!"

Nilicheka na wengine, kisha nikaacha. Nilikuwa nimehesabu mitikiso minane. Nilikula na kaka yangu zaidi ya miaka ishirini bila kuihesabu hata mara moja. Na kila siku nilikuwa nakipokea kichupa kutoka mkononi mwake, bado kina joto la mkono, na kufanya vilevile.

Jioni hiyo mama aliniita kwenye mkeka wake. Sisi tunamwita Mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao. Dada yetu anayeishi naye alikuwa amemwambia yale niliyoambiwa hospitali.

"Nimezika wawili," alisema. Wa kwanza alikuwa dada yetu mkubwa, zamani. "Mimi ni mzee, zamu ni yangu. Wewe unisubiri."

"Nitakusubiri, Mayu."

"Si kwa mdomo."

Alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Ahadi yenyewe haikuwa kubwa, ukiitazama: kuishi muda mrefu kuliko mtu wa umri huo. Lakini nilikuwa nimeziona namba kwenye kile kipimo, na sikuwa na uhakika.

Kesho yake, watu wanapanda gari, nilimfuata mtani kukomboa kichupa. Nilimpelekea jogoo, nikaongeza na noti. Alimpokea jogoo, noti akairudisha.

"Pesa ya Msukuma inanuka ng'ombe. Kichupa nakaa nacho."

"Na jogoo?"

"Jogoo ni salamu. Sikiliza, mtani. Utakikomboa kwa mwezi mmoja. Mwezi mzima usiongeze chumvi kwenye chakula kilichokwisha kupikwa. Ukiweza, unachukua kichupa chako. Ukishindwa, nakitundika mlangoni kwangu, kila mteja akiuliza namwambia, huyo mnoaji hapo, mwanaume mzima, kashindwa na chumvi."

"Na jioni nikila kwangu, utanionaje?"

"Jioni utajishtaki mwenyewe. Uso wako ni wa ndama, hauwezi uongo."

Hapo alikosea, lakini tutafika.

Mwezi wa kwanza niligundua kwamba mkono wangu una akili zake. Sahani ikiwekwa tu, ulikuwa unakwenda wenyewe upande wa kulia, unapapasa hewa. Mtani alikuwa anauona kutoka kwenye moto wake, anapiga kelele, "Rudisha! Rudisha mkono kwa mwenyewe!" Wachimbaji wanaosubiri patasi zao walijifunza kupiga kelele hiyo pia. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Jioni, chumbani, nilikula nimesimama, sufuria mkononi, nikimaliza haraka. Lakini hiyo haikuwa sababu ya chumvi. Nilianza kula nimesimama tangu kaka alipoondoka, kwa sababu viti vilikuwa viwili.

Kwenye bati la banda nilichora kwa chaki mstari mmoja kila siku iliyopita salama. Mtani naye alinisaidia kwa njia yake. Aliniona ninavyotafuna kwa taabu, akaanza kunipikia mlenda kila mchana.

"Huu ni wa kwetu Dodoma. Mlenda hauna haja ya chumvi. Unawekwa magadi tu, unateleza wenyewe."

Na kweli ulikuwa mtamu. Magadi ni yale mawe meupe yanayosagwa, akina mama wanalainishia mboga na maharage, na kwetu pia tunayajua. Nilikula mlenda ule siku thelathini, wakati mwingine sahani mbili, nikishangaa jinsi kuacha chumvi kulivyo kwepesi. Mwezi ulipoisha nilikwenda kudai kichupa.

"Kapimwe kwanza," akasema. "Nisije nikakupa zawadi ya bure."

Muuguzi alikuwa binti mdogo kwangu, aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akafunga kile kitambaa mkononi. Namba ya juu ilikuwa imepanda kuliko siku ya kaka.

"Baba, mwezi huu umekuwa unakula nini?"

"Mlenda," nilisema kwa majivuno. "Chumvi nimeacha."

"Mlenda mnalainisha na nini?"

"Magadi."

Akaweka kalamu chini. "Baba, kilichomo kwenye chumvi ndicho kilichomo kwenye magadi. Presha haisomi majina."

Halafu akaniuliza kuhusu vidonge. Nilisema nameza. Akauliza kila siku? Nikasema nikikumbuka. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari langu.

Nilirudi moja kwa moja kwa mtani. Alikuwa anakatakata sukuma wiki.

"Mgogo, umetaka kuniua."

Nilimweleza. Nilitegemea atukane, aseme muuguzi hajui kitu. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi, mteja mmoja akajipakulia mwenyewe.

"Mama yangu kala magadi maisha yake yote," alisema hatimaye.

"Na presha?"

"Nani alimpima?" Akainuka, akamfokea yule mteja kwa kujaza sahani. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Mwezi huo umefutwa. Anza upya. Na magadi marufuku."

Nilifuta mistari yote kwenye bati.

Mwezi uliofuata alinitengea sufuria ndogo, nyeusi, isiyo na mshikio. Aliweka karanga, nyanya, ndimu, chumvi kidogo sana ambayo aliipima kwa ncha ya kidole mbele yangu kama mtu anayepima dhahabu. Mlenda bila magadi ulikuwa mgumu. Wateja walichungulia sufuria yangu na kusema mlenda gani huu unasimama wima. Lakini kufika wiki ya tatu kitu kilitokea ambacho sikuwa nimekitegemea. Nilionja nyanya. Nina maana kwamba nilijua hii ni nyanya na ile ni karanga. Sikumwambia mtu.

Namba ilishuka kidogo. Nilipeleka daftari kwa mtani, akalishika juu chini, maana hakujua kusoma, akataka nimsomee. Halafu akaingia ndani na kurudi na kifuniko.

"Kichupa kiko wapi?"

"Umefanya mwezi mmoja, umepewa kifuniko. Kina matundu saba. Unataka nini tena?"

"Tulikubaliana kichupa!"

"Tulikubaliana kabla hujanisingizia kwamba nataka kukuua. Bei imepanda."

Ndivyo ilivyoanza kuwa kila mwezi. Alikuwa anataja jambo moja, dogo, na mimi nalifanya. Mwezi mmoja ulikuwa wa kuacha soda na mkate asubuhi na kunywa uji wa mtama. Mwezi mwingine ulikuwa wa kuacha vile vidonge vya maumivu vya kila asubuhi, ambao ndio ulikuwa mgumu kuliko yote. Wiki ya kwanza mgongo uliuma nikashindwa kuinua nyundo kubwa, nikapoteza wateja waliokuwa na haraka. Muuguzi aliponisikia alisema ni vizuri, hivyo vidonge navyo havifai kwa mtu wa presha, akanionyesha namna ya kunyoosha mgongo ukutani. Nilikuwa najinyoosha nyuma ya banda ili nisionekane. Nilionekana.

"Msukuma anasukuma ukuta!" mtani alitangaza. "Mwacheni, anatafuta jina lake."

Sikuwa nafanya mambo mawili kwa pamoja. Nilijaribu mara moja, uji pamoja na kutembea, vikaanguka vyote katika siku sita. Jambo moja nikilifanya mwezi mzima, mwezi unaofuata linabaki lenyewe bila kushikwa, au linabaki nusu yake. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Sijui kwa wengine.

Kichupa nilikipata mwezi wa tano. Kilikuwa kitupu.

"Chumvi yake iko wapi?"

"Nimeshaipika. Wamekula wachimbaji." Akaniona nakichungulia ndani. "Ulitaka uifanyie nini, mtani? Uizike?"

Nilikwenda nacho nyumbani, nikakata zile karatasi za vidonge vya presha vipandevipande, nikavitia humo. Vilitosha vya siku kumi na tano. Kikarudi kwenye gogo la fuawe, upande wa kulia. Mkono ulikuwa bado unakijua.

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakwenda kijijini kumwona Mayu. Nilikuwa namkuta kwenye kigoda kivulini mwa ghala, anachambua choroko au kutandaza michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa. Nilimsalimia kwa Kisukuma na kumsomea namba. Hakujua zina maana gani, ila alijua kwamba zikishuka ni vizuri.

"Zimeshuka?"

"Zimeshuka."

"Zisifike chini kabisa," alisema. "Usije ukaisha."

Nilipomweleza habari za chumvi mara ya kwanza, alifikiri kidogo, kisha akamwita dada yangu na kumwambia kuanzia leo chungu cha nyumba hii hakina chumvi.

"Mayu, wewe kula tu. Ni mimi niliyeambiwa."

"Wewe ukiacha, mimi nitaonja nini peke yangu?"

Tangu siku hiyo kila nilipokwenda tulikula pamoja, sahani moja, ugali na mboga za majani yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, bila chumvi. Alikuwa anatafuna polepole, meno yakiwa machache, na kila baada ya tonge mbili alinitazama na kutikisa kichwa kama anayesema, tunaweza. Nilikuwa narudi Geita nimetiwa nguvu. Mara nyingi, siku za katikati ya mwezi, nikiwa nataka kuacha, nilikuwa nafikiria mzee yule anakula mboga isiyo na ladha kwa ajili yangu, na nilikuwa naendelea.

Mwezi wa saba au wa nane, mtani alichagua vidonge. Nimeze kila siku, siku zote, nikisikia harufu ya maandazi yake ya asubuhi. Nilianza vizuri. Siku ya kumi na tisa vikaisha. Kuvifuata ilikuwa mwendo wa nusu saa na foleni, na kulikuwa na kazi nyingi, na namba zilikuwa nzuri. Nikasema kesho. Nikasema kesho siku tisa. Kwenye bati niliendelea kuchora mistari.

Katika siku hizo tisa nilikwenda kijijini. Tulikula. Mayu akaosha mikono, akauliza.

"Dawa unameza?"

"Nameza, Mayu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akanishika kifundo cha mkono, akakaa nacho hivyo kwa muda, kama mtu anayesikiliza kitu. Halafu akaniachia na kuniombea kwa Mungu.

Nilirudi Geita nikamwambia mtani kabla sijafungua banda. Alisikiliza, akachukua kitambaa kilicholowa, akaenda kwenye bati na kufuta mistari yote ishirini na minane. Kisha akasimama barabarani.

"Jamani, msikie! Huyu kazama maduara ya Mwakitolyo, katoka mzima. Kashindwa na kidonge kidogo kama punje ya mtama!"

Mchimbaji mmoja aliyeleta patasi akasema, "Mzee, kama ni kikubwa tukuletee nyundo?" Walicheka. Nilistahili. Mchana huo nilipanga foleni.

Kwa mama sikusema. Nilikuwa nimepanga kumwambia safari inayofuata, nikaona atahuzunika bure, maana nilikuwa nimeshaanza kumeza tena. Safari iliyofuata nikaona vilevile. Sitafuti maneno ya kulipamba. Alikuwa ameniomba kitu kimoja, aliniuliza kuhusu kitu hicho hicho, nami nikamdanganya huku mkono wangu uko mkononi mwake.

Mayu alifariki mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kaka. Zilikuwa siku za mvua, choroko imechanua. Alikula mchana, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka. Dada alinipigia simu nikiwa kazini. Nilimaliza patasi iliyokuwa motoni kwa sababu chuma kikiwa chekundu huwezi kukiacha, kisha nikazima moto.

Mtani alikuja. Safari hii hakunitania njia nzima, na kwenye gari alinikalisha dirishani.

Wanawake walipokuwa ndani wakimwosha mama, sisi wanaume tulikaa nje chini ya turubai. Dada alitoka na kanga aliyokuwa amevaa Mayu siku ya mwisho. Pindo moja lilikuwa limefungwa fundo gumu, la kukazwa kwa meno. Wazee wa ukoo wakajisogeza, maana hapo ndipo bibi zetu wanapoweka akiba, na mara nyingi huwa na maagizo yake. Dada alihangaika na fundo, kisha akalifungua juu ya mkeka.

Ilikuwa chumvi. Kiasi cha kiganja kimoja, imeshikana kwa unyevu.

"Tangu ulipoanza mambo yako," dada aliniambia. Alikuwa anajizuia, sikujua kulia au kucheka. "Ukija, mnakula pamoja. Ukigeuka kuchukua maji, anafungua pindo. Alikuwa na mkono mwepesi yule."

"Na mlipokuwa wawili tu?"

"Tulipika na chumvi kama zamani. Aliniambia nikikwambia, nisije kwenye mazishi yake."

Nilifanya hesabu pale nilipokaa. Zile siku nilizovumilia kwa kumfikiria yeye anavyovumilia, yeye hakuwa anavumilia. Na yale maombi aliyoniombea kwa kuwa nameza kila siku, sikuwa nameza. Kila mmoja alikuwa amempa mwenzake kitu ambacho hakuwa nacho, nacho kilifanya kazi. Sikuona uchungu. Nilijisikia kama mtu aliyeshuka kwenye gari na bado anahisi linatembea.

Kabla hatujasema zaidi, mkono uliingia katikati yetu, ukakunja pindo na chumvi yake, ukalichana kwa nguvu kutoka kwenye kanga. Mtani alikuwa amelirukia fundo kama kuku anavyorukia panzi. Akarudi nyuma, akalificha kifuani.

"Urithi wangu huu! Msukuma amekufa tajiri! Nani anakomboa?"

Turubai zima likalipuka. Wazee wenyewe walicheka. Nadhani Mayu angeipenda sauti ile.

Alinifuata baadaye, tumeshazika, watu wanakula. Nilikuwa na sahani ya maharage mapajani. Nilikuwa nimeonja kijiko kimoja, na ulimi ukakataa. Yalikuwa ya chumvi mno. Nilitazama wengine, walikuwa wanakula kawaida, mmoja akaomba aongezewe chumvi. Yalikuwa maharage ya msiba wowote wa kwetu. Aliyebadilika nilikuwa mimi.

Mtani aliketi karibu yangu, akaiona sahani.

"Pindo utalikomboa kwa kitu gani?"

"Hakuna tena," nilisema. "Mama aliniomba nimsubiri. Nimemsubiri. Imekwisha."

"Sijakuuliza habari za mama yako. Nimekuuliza mwezi ujao."

"Chagua wewe, si ndivyo unavyofanya?"

"Sichagui. Nimechoka kuwa mama yako, mimi ni mtani wako."

Aliondoka kwenda kugombana na waliokuwa wanaosha masufuria. Nilibaki na maharage. Nilijaribu kutafuta sababu ya mwezi ujao, sikuipata. Kaka hayupo, mama hayupo. Nilitafuta basi jambo lenyewe, bila sababu, na hilo lilikuja haraka, kana kwamba lilikuwa limekaa hapo muda wote.

Nilimwambia tukiwa kwenye gari, tumeshapita Kahama.

"Jioni nitakula nimekaa."

Alinigeukia. Nilitegemea kejeli.

"Kwani unakula vipi?"

"Nimesimama. Tangu kaka."

Akatazama nje kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji.

"Kwenye kiti?" akauliza.

"Kwenye kiti."

"Haya. Mwezi mmoja. Na sitakuwepo kukuona."

Pindo liko kwake, juu ya kabati la vyombo, kwenye kikombe kisicho na mkono. Nililiona juzijuzi. Nilikuwa nimefika siku ya kumi na sita, nikachelewa kurudi, nikajikuta nimemaliza ugali nimesimama mlangoni. Nilimwambia asubuhi yake. Alinitukana vizuri, mbele za watu, na mimi nikafuta bati. Leo ni siku ya nne.